Mbili si nafuu, mwanangu

Mwanangu,

Hapa Tabora mjini hatujambo. Umeuliza kama kushuka kutoka sigara kumi hadi mbili kwa siku, na mimba hiyo uliyonayo, kunatosha. Hakutoshi. Anayepunguza huivuta ileile moja kwa pupa na kuubana moshi kifuani, maana mwili unadai nikotini yake, kile kilevi cha tumbaku.

Nikotini hubana mishipa ipelekayo damu kwenye kondo la nyuma. Moshi una kaboni monoksaidi, hewa ileile inayoua waliolala na jiko la mkaa ndani, nayo hung'ang'ania damu kuliko oksijeni mara 200 na ushei. Basi mtoto hupungukiwa takriban gramu 200, au huja kabla ya wiki 37. Watakwambia mtoto mdogo hutoka kirahisi. Wanaosema hivyo hawakeshi na kichanga cha chini ya kilo 2.5 kinachopoa upesi na kushindwa kunyonya. Ukiacha leo, kaboni monoksaidi hiyo huisha mwilini kwa siku moja au mbili. Ugoro nao usiuhesabu kama dawa ya kuachia: hauna moshi, ila nikotini imo.

Na huko kwenu Urambo, kwenye mashamba ya tumbaku, kuna jambo wengi hawalifikirii. Nikotini ya jani bichi huyeyuka majini, hivyo ukichuma tumbaku yenye umande hupenya ngozi. Utapata kizunguzungu, jasho na kutapika, useme ni mimba au malaria. Kuchuma na kufunga majani waachie wengine msimu huu. Ikilazimu, subiri jua likaushe umande, vaa mikono mirefu na glavu za mpira, vua nguo zikilowa, oga kwa sabuni.

Arosto, ile hamu kali ya sigara, ikikushika, hudumu dakika 3 hadi 5. Kunywa maji, tafuna karanga, toka utembee. Siku 3 za mwanzo ndizo ngumu. Mweleze mkunga ukweli kliniki.

Ninachokihofia zaidi ni baada ya kujifungua. Wengi walioacha kwa ajili ya tumbo hurudia miezi michache baadaye, usingizi ukikosekana na mtoto akilia. Ukiteleza, usimwachishe ziwa. Maziwa yako bado ni bora. Mnyonyeshe kwanza, ndipo uvutie nje, kisha zipite kama saa mbili kabla ya kumnyonyesha tena. Badili kanga, nawa mikono. Mvutaji asilale kitanda kimoja na mtoto, mumeo akiwamo.

Mama yako