Usiwauzie udongo kabla sijafika

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kutoka Nyali. Barua yako imenifika. Wasema wenye malori wamekuja kuulizia udongo wa shamba la marehemu mzee, bei yao si mbaya, na wataka nikwambie kama ni ya haki. Kwa bei, ni ya haki. Sisi watu wa bustani ndio wateja wao, kwa hivyo nazijua.

Ila wacha nikueleze biashara yenyewe. Huku ukipiga jembe mara mbili tatu unagonga jiwe la matumbawe. Tajiri akitaka nyasi mbele ya nyumba kabla ya harusi ya bintiye, tunaagiza tripu za udongo mwekundu, tunatandaza, tunapachika nyasi za Pemba, tunamwagilia. Wageni wanasifu, hakuna anayeuliza udongo umetoka wapi. Mimi hujua, maana huenda mwenyewe kuuchagua. Usipokwenda utaletewa changarawe. Wanaanza na ule wa juu, mweusi kidogo, wenye vizizi na nyungunyungu. Huo ndio shamba, Salim. Unaobaki chini ni rangi tu. Mahindi hayafiki magotini, na masika shimo linajaa maji na mbu.

Sasa kumbuka machimbo ya Bamburi, yale ya chokaa ya saruji yaliyoanza 1954. Ukipita leo Haller Park, hifadhi iliyo humo machimboni, ukaona twiga na viboko, huwezi kuamini palikuwa mwamba mtupu wenye maji ya chumvi. René Haller, Mswisi aliyesomea kazi hii hii ya bustani pamoja na kilimo cha nchi za joto, alianza kupanda miti pale 1971. Alijaribu aina 26, zikashika tatu, na mvinje ndio uliotamba. Mizizi yake ina vijidudu vinavyovuta hewani naitrojeni, chakula cha mimea, ndiyo maana haukuhitaji udongo wa maana. Lakini majani yake membamba yakaanguka yakalala pale pale, hayaozi, kwa ukali wa tanini, kemikali chungu iliyomo majanini. Aliyeokoa kazi ni jongoo! Haller aliwaona wakiyatafuna, akakusanya mamia akawaachia humo. Chukua fimbo uparue chini ya mvinje wa zamani: juu sindano kavu za kahawia, chini yake vinyesi vya jongoo kama punje za ulezi, halafu mboji laini. Jongoo anayepigwa teke na kila mtoto! Na yote hayo, kwa pesa za kampuni ya saruji na mtaalamu wa kudumu, yamechukua miongo. Wewe utamlipa nani?

Ndiyo maana unaniona mbioni kila wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wanapoomba miche au nguvu za kuzuia wanaonyemelea mipaka ya msitu. Wenzangu kazini hunicheka, wanasema nimekuwa mzee wa kaya kabla ya mvi. Sijali. Anayenunua udongo kwa tripu ndiye ajuaye thamani ya mahali ambapo hata kijiti hakiruhusiwi kutoka.

Kama shida ni karo ya watoto, tuzungumze. Ule mteremko wa nyuma unafaa mivinje. Nguzo zake zinauzwa kwa wajenzi, na udongo unabaki wako. Miche ninayo kitaluni. Nitakuja Jumamosi na pikipiki ya shemeji. Wakirudi hao wa malori, waambie shamba lina wenyewe wengi na kikao hakijakaa.

Mama msalimie sana.

Wako,
Juma