Si kila asiyepona homa ya ini C ni mzembe

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana, na sikuwahi kukuandikia hata siku mlipoihamishia Tukuyu mkoani Njombe. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Habari yenu ya wiki iliyopita ilisema kwamba dawa za homa ya ini C zisipomponya mtu, basi mtu huyo aliruka dozi. Sababu nyingine hamkutaja hata moja.

Mdogo wangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Chunya. Alipewa sofosbuviri na daklatasviri, kila siku kidonge kimoja cha kila dawa, kwa wiki 12. Shemeji yangu alikuwa akitia alama ya kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani kila alipomeza, na kalenda hiyo ninayo hapa mezani ninapoandika: zipo alama 84, haikosekani hata moja, ikiwemo siku tuliyomzika mama. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, kipimo kilionyesha kwamba kirusi bado kimo katika damu, na daktari, bila kuinua macho kwenye faili, akamwambia, "Wewe dawa ulikuwa unaruka." Hakuna aliyemuuliza alikuwa akimeza nini kingine. Muda wote huo alikuwa pia kwenye dozi ya kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama sana wachimbaji, aliyokuwa akiichukua katika kituo kingine, na ndani ya dozi hiyo mna rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa na rangi ya chungwa, ambayo huchochea ini na utumbo kuziondoa mwilini dawa za homa ya ini kabla hazijafikia kiwango cha kukimaliza kirusi. Ndugu yangu alimeza vidonge 168 kwa uaminifu, huku dawa moja ikiivunja nguvu nyingine tumboni mwake, na malipo yake yakawa kuitwa mzembe, kwanza hospitalini, kisha gazetini.

Ziko sababu nyingine. Ini lililokwisha kujaa makovu huponyeka kwa shida zaidi, na kirusi chenyewe hubadilika kikaizoea dawa. Nchini Rwanda, watafiti waliwapa wagonjwa ledipasviri na sofosbuviri. Wengi walipona, lakini kati ya waliokuwa na kirusi cha aina ya 4r waliopona walizidi nusu kwa kiasi kidogo tu. Je, tuseme nao waliruka dozi? Wapo hata wanaoambiwa hawajapona kwa kuwa wamepimwa kingamwili, yaani silaha za mwili dhidi ya kirusi, ambazo hubaki katika damu miaka mingi baada ya kirusi kwisha.

Na nikiwa bado kwenye hasira hii, maduka ya dawa mtaani kwetu yanauza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kama karanga, wakati dawa hiyo hupunguza kiasi cha velpatasviri, dawa nyingine ya homa ya ini C, kinachoingia mwilini. Mimi mwenyewe nimeuziwa mara tatu, na swali pekee nililoulizwa ni kama nina chenji.

Napendekeza kila kliniki ya ini iwekewe beseni mezani, na mgonjwa, kabla hajaandikiwa chochote, amwage humo kila kidonge, unga na mizizi anayotumia nyumbani. La kwanza nitalinunua mwenyewe sokoni Mwanjelwa, la bluu, la lita 10, mradi nihakikishiwe kwamba halitaishia kupigia deki.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya