Taa za ziada za pikapu zinafungwa kinyume

Bwana Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile taarifa yenu kuhusu madereva wanaopofushwa usiku kwenye barabara ya Likasi imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu aliwaita wenye pikapu watu wa kiburi, kisha akawashauri wasafiri wengine nao wanunue taa zenye nguvu zaidi. Lawama hiyo imekosa mtu wake, na ushauri huo utaua watu. Sisi wa umeme wa magari tunajua kwamba wengi wa madereva hao hawana habari kuwa taa zao za ziada zinawaka pale zinapotakiwa kuzimika.

Balbu ya H4, ile ya taa kubwa za mbele, ina nyuzi mbili, wa kode (mwanga wa chini, wa kupishana) na wa fare (mwanga mrefu), na soketi yake ina waya tatu. Katika magari mengi ya Ulaya waya wa pamoja ni wa masi (upande wa hasi, uliofungwa kwenye bodi ya gari), na swichi inapeleka pozitifu kwenye uzi unaotakiwa. Katika Hilux na Land Cruiser nyingi, hasa za zamani, mambo ni kinyume: waya wa pamoja ni pozitifu, na swichi ya usukani inagawa masi. Fundi asiyejua hilo anachukua waya wa fare, anauunganisha na pini 86 ya rilei (swichi inayovutwa na umeme mdogo wa pini 85 na 86 ili ipitishe umeme mkubwa wa taa), anafunga pini 85 kwenye bodi, na anapokea pesa yake. Basi tazama kinachotokea. Taa zikiwa kode, uzi wa fare hauna masi, kwa hiyo pozitifu inapita ndani yake bila kuuwasha mpaka inafika kwenye rilei. Rilei inahitaji umeme kidogo sana. Inavuta, na taa za ziada zinawaka. Dereva akipandisha fare, waya ule unapata masi, rilei inaachia, na taa za ziada zinazimika! Ndiyo maana unakutana na mtu mwungwana anayeteremsha taa kwa ajili yako, na hapohapo mwanga unakulipukia usoni. Pikapu moja ya namna hiyo imeletwa gereji majuzi. Mwenyewe alilalamika kwamba malori yote ya mpakani Kasumbalesa yanamwashia fare bila sababu, na hapo alipofungiwa taa walikuwa wamemwambia ni wivu wa madereva wa malori.

Kupima si kazi kubwa. Chomoa soketi ya H4, washa taa, shika voltimita na ubadilishe kode na fare. Pini moja ikibaki na volti 12 muda wote, gari linagawa masi. Volti zikihama kutoka pini moja hadi nyingine, linagawa pozitifu. Kwa gari linalogawa masi, pini 86 inapelekwa kwenye ule waya wa pozitifu wa pamoja, na pini 85 inapita kwenye swichi ya ndani kisha inaishia kwenye waya wa fare. Pini 30 inatoka betrini kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri, sentimita 20 hivi, maana kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina kinga yoyote kikigusa bodi. Pini 87 inaenda kwenye taa. Taa mbili za wati 55 zinavuta kama ampea 9, kwa hiyo fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita 2.5 za mraba zinatosha. Masi ya taa irudi kwenye betri au kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Waya unaopita ukuta wa injini upewe mpira wake, la sivyo mtikisiko wa barabara zetu utaula. Kisha jaribu mbele ya mteja: kode, taa za ziada zizimike, fare, ziwake. Fundi asiyefanya jaribio hilo asilipwe.

Na kabla ya hizo taa za ziada, taa za gari lenyewe zimetazamwa? Pima volti kwenye balbu injini ikinguruma, kisha pima betrini. Balbu ya halojeni ikipungukiwa asilimia 10 ya volti inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga, na katika gari la zamani waya mwembamba na swichi iliyochakaa vinakula kiasi hicho bila shida. Rilei mbili na waya mpya vinarudisha mwanga ambao mwenye gari alikuwa anataka kuununua dukani. Badala yake anauziwa balbu za wati 100 zinazoyeyusha soketi, au zile za LED za bei rahisi. Chini ya uzi wa kode wa H4 kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya kioo cha ndani, ambayo ingeurusha juu. LED isiyokaa mahali pa uzi huo hasa, au isiyo na kizuizi hicho, inamwaga mwanga kila upande: mwenye gari anaona majani ya pembeni yanang'aa na anafurahi, anayekuja mbele haoni kitu. Plastiki ya taa iliyogeuka njano isuguliwe kwa msasa wa maji, namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu ipakwe vanishi inayozuia jua. Bila vanishi njano inarudi.

Kuna jambo jingine ambalo taarifa yenu haikuligusa kabisa. Magari ya usukani wa kulia yanayotoka Japani yana kode inayopanda upande wa kushoto, kwa sababu huko wanaendesha kushoto. Hapa kwetu tunaendesha kulia, na kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Watu wanahamisha usukani kwa gharama kubwa na kuziacha taa zilezile. Bisibisi haiponyi hilo. Taa nzima inabadilishwa.

Tena, hata taa njema kuliko zote haisaidii mbele ya lori la shaba lililoharibika katikati ya barabara, halina pembetatu, stopu zake, taa za nyuma, zimefunikwa na vumbi, limetandikiwa matawi matatu ya mti. Likishatengenezwa linaondoka, matawi na mawe yanabaki. Baiskeli za makala (makaa ya kupikia) nazo hazina hata kipande cha karatasi inayong'aa. Na polisi wa barabarani wanakagua karatasi mchana, wakati taa hazionekani.

Ombi langu ni hili. Kwenye kila peaje (kituo cha kulipia barabara) ya barabara hii ijengwe ukuta mmoja mweupe, na mbele yake sakafu ya simenti iliyo sawa, yenye alama mita 10 kutoka ukutani. Pikapu isimame hapo jioni na mzigo wake uleule, maana mzigo nyuma unainua pua na taa pamoja nayo. Fundi apime urefu wa taa kutoka chini, achore mstari sentimita 10 chini ya urefu huo, na aishushe kode mpaka ukingo wake uguse mstari. Kisha aombe dereva abadilishe kode na fare, aone taa za ziada zinafanya nini. Zikiwaka kwenye kode, fundi achomoe fyuzi ya taa hizo, amkabidhi dereva mkononi pamoja na karatasi yenye mchoro wa zile pini nne, na amwache aende bila faini. Mchoro huo nitauchora mwenyewe bure, mkiukubali kuuchapisha.

Fundi umeme wa magari,
Lubumbashi