Mwanangu, nani alikutumia?

Muheza,
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila bibi yako miguu inamsumbua usiku. Baba wa mwenzako alipokuja huko kuwatembelea alirudi na salamu zako, akasema umenenepa na baridi umeshaizoea. Nilifurahi siku nzima. Madhumuni ya barua hii ni simu yako.

Yangu ilianguka, kioo kikapasuka kabisa. Nikachukua yako kabatini, nikaweka laini yangu ili nitume hisa ya kikoba. Sikuwa napekua. Niliwasha intaneti, ujumbe ukaanza kumiminika, na kundi lenu la mliomaliza pamoja kidato cha nne likawa juu. Kuna mtu alikuwa ameweka stika. Nikautazama ule uso, nikaujua: ni binti wa mwenzangu. Nikapanda nyuma, siku hadi siku, mpaka tarehe 18 Mei.

Unajua nilichokiona. Sitakiandika hapa, barua huweza kufunguliwa njiani.

Ninachotaka kutoka kwako ni hiki: nani alikutumia? Na ukiacha lile kundi, wewe ulimtumia nani?

Usianze kuniambia kwamba kila mtu alikuwa na ile video. Najua kila mtu alikuwa nayo. Muuza chipsi wa stendi alikuwa nayo. Ndivyo mama wa yule binti alivyojua: mteja alikuja kununua maandazi asubuhi, akamwonyesha simu akamuuliza, "Huyu si wako?" Mwanamke yule alikuwa na mwiko mkononi. Aliuweka chini, akafunika karai, akatembea hadi nyumbani na moto kauacha unawaka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara, nikamwona anapita, nikadhani kafiwa.

Wewe huyajui ya baada ya hapo kwa sababu uliondoka Julai, na kabla ya Julai nadhani hukutaka kuyajua. Acha nikueleze, maana katika kundi lenu mlikuwa mnacheka, na wewe uliweka emoji nne za kucheka. Nimezihesabu.

Yule mtoto jambo lile alifanyiwa Februari. Aliyemfanyia alirekodi, akamwambia akifungua mdomo video itatoka. Akanyamaza. Miezi mitatu alikuwa anakwenda shule, anakuja hapa kusoma na mdogo wako, anakula ugali wetu, na kitu kile kiko kwenye simu ya mtu. Mwezi Machi alianza kulalamika tumbo. Mama yake akampa dawa za minyoo. Akaacha madrasa, akachapwa. Akanyoa nywele zote, tukasema ni utoto. Mei video ikatoka hata hivyo, na walioifikisha kila mahali ni nyinyi.

Sasa haendi bombani. Haendi popote ambapo kuna watu wawili wenye simu, na leo sehemu hiyo utaipata wapi? Simu ikilia ndani, hata ya mama yake, anaruka. Analala mchana, usiku yuko macho. Kuna neno alilisema mwezi Julai, sitalirudia, lakini tangu siku ile mama yake analala naye mkeka mmoja, na pindo la kanga yake amelifunga na la binti, ili akiinuka ajue. Wiki ya tisa hii. Mwanamke anaamka saa kumi kukanda unga na hajalala.

Shuleni alirudi siku tatu. Siku ya kwanza wavulana wa kidato cha tatu walimwita kwa jina la ile stika. Siku ya tatu akaambiwa apumzike nyumbani mpaka mambo yatulie. Apumzike yeye, wale waliomzomea wakabaki darasani. Upimaji wa kidato cha pili uko karibu, na daftari zake ziko hapa kwangu, kazileta mama yake kwa sababu hataki kuziona.

Ana miaka 15. Nilipoona tarehe ya ujumbe wako nilikaa nikahesabu: Mei ulikuwa bado hujatimiza 18. Nikashusha pumzi. Halafu nikakumbuka umri wa mwenye uso ule, nikaona haya peke yangu chumbani.

Nani alikutumia, baba?

Nimekwenda kuuliza. Sikutaja jina lako, nilikwenda kama mtu wa kumsindikiza mwenzangu. Pale kituoni kuna Dawati la Jinsia na Watoto, tulimkuta askari mwanamke, mtaratibu, akatupa viti. Alituambia mambo ambayo ningeyajua Februari ningekuwa mtu mwingine. Kwamba aliyefanyiwa vile anatakiwa kufikishwa hospitali kabla ya saa 72, ndipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianzishwe. Kwamba asioge, asifue nguo zile. Kwamba ile fomu ya polisi, PF3, ndiyo mwanzo wa ushahidi wa daktari. Sisi tulifika zikiwa zimepita miezi. Alitupa pia namba ya watoto, 116, ni bure hata bila salio. Binti mwenyewe ameipiga mara mbili, mlango kaufunga. Hatujui alisema nini, lakini baada ya mara ya pili alikula.

Kisha akasema kuna kosa la aliyefanya na kuna makosa ya waliosambaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumuumiza moyo ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ikiwa ni picha za namna ile na mwenyewe ni mtoto, adhabu ni kubwa kuliko hiyo. Mama wa binti akauliza, "Hata aliyepokea tu akapeleka mbele?" Askari akasema, "Hata huyo." Mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu.

Ndiyo sababu usiku ule nilitaka kuifuta. Niseme kweli, nilitoka na simu yako hadi chooni, nikasimama pale na tochi. Nilifikiria cheti chako, miaka yote ile ya kuuza machungwa kwa ndoo, wewe wa kwanza katika ukoo huu kuingia kidato cha tano. Nikarudi nayo ndani. Nimeizima, nimeifunga kwenye nailoni, iko chini ya debe la unga. Baba yako hajui. Anadhani niliipeleka kwa fundi.

Najivunia wewe, jua hilo. Majirani wamechoka kunisikia. Darasa la wavulana thelathini na tisa, wakaenda sita, na wewe ukiwa na daraja la pili. Lakini mtoto mwenye akili hiyo, kidole chake kilichoandika mtihani ndicho kilichobonyeza pale? Ulifikiri nini? Au hukufikiri? Nataka kujua, kwa sababu kati ya hayo mawili sijui lipi litaniumiza zaidi.

Usinijibu kwa ile video ya Dodoma. Najua utaikumbuka, nami naikumbuka. Agosti ya mwaka jana iliingia kwenye kundi letu la kikoba, ile ya msichana wa Yombo Dovya, Dar es Salaam, aliyefanyiwa vilevile na kundi la wanaume, na mimi niliifungua. Sikuituma. Nilimpa mama yako mdogo simu mkononi akaangalia, hapo barazani, na wewe ulikuwa ukipita na ndoo. Na nilisema neno juu ya yule msichana. Baadaye kamanda wa polisi wa mkoa alisema neno la namna hiyohiyo, kwamba ni kama alikuwa anajiuza, watu wakawaka nchi nzima, akaondolewa kwenye nafasi yake. Mimi nilikuwa nimelisema kabla yake na hakuna aliyeniondoa popote. Tarehe 30 Septemba mahakama ya Dodoma ikawahukumu wanne waliomfanyia kifungo cha maisha, na kila mmoja amlipe yule msichana shilingi milioni moja. Tulishangilia kwenye kundi. Na juzi hapa, karibu mwaka mzima umepita, mtu kaniuliza sokoni kama bado ninayo nimrushie.

Huyu wetu je, atakuwa na miaka mingapi siku watu watakapoacha kuulizana?

Nilimkataza mdogo wako kutembea naye. Ilikuwa Juni, maneno yalishaanza, mimi sikujua kiini, nilisema tu, "Yule kaa naye mbali, asije akakuharibia jina." Mdogo wako alilia, na nilidhani analilia uhuru wake. Sasa anakwenda kwao kila jioni na daftari. Wanasoma hesabu mlango umefungwa. Juzi nimesikia wamecheka, nikasimama nje ya ua na kikapu changu mpaka wakanyamaza.

Kuna jambo jingine, nalo ni gumu. Afisa ustawi wa jamii alikuja kuzungumza na wazazi shuleni. Akasema utafiti uliofanyika nchini 2009 ulikuta karibu wasichana 3 katika kila 10 wametendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tukaguna. Kisha akasema na wavulana, 1 katika kila 7. Hapo hakuna aliyeguna, ukumbi ulikaa kimya. Mimi nikaanza kugawanya thelathini na tisa kwa saba.

Mwaka ule ulipokataa ghafla kwenda kulala kule, unajua ni wapi ninaposema, nilikuchapa kwa fimbo ya mpera. Nikasema una kiburi. Sikukuuliza kwa nini. Ulikuwa na miaka tisa na hukuwa mtoto wa kiburi.

Kama kuna la kuniambia, niambie. Kama hakuna, niambie hakuna. Sitamwambia mtu usiyetaka ajue, na sitakupiga, na hutakuwa umechelewa.

Lakini hata kama lipo, haliondoi jina ninalolitaka. Mtoto wa mwenzangu anahitaji lile jina. Askari amesema njia ya kumfikia aliyeanza ni kurudi nyuma, simu kwa simu, huyu kapata kwa yule, yule kapata kwa yule. Wote waliohojiwa wanasema waliikuta tu. Katika simu yako naona wewe ndiye uliyeiweka kundini, na haikutoka ndani ya kundi. Mazungumzo uliyoipatia umeyafuta. Kwa nini uliyafuta yale, na haya ukayaacha? Kuna mtu unamlinda. Au unamwogopa. Kama ni yule ninayemdhania, mwenye pikipiki, aliyekuwa anakufuata hapa kila Jumamosi, basi ujue hata mimi nilikuwa nikimpa chai.

Jumatatu ya tarehe 22 nitakwenda kituoni pamoja na mama yake, na simu nitaipeleka. Nimeshaamua, wala usinitumie watu wa kunishawishi. Kabla ya hapo nitamwambia baba yako, nitajua la kumwambia. Na mwenzangu nitamweleza mimi mwenyewe, Jumapili usiku, nyumbani kwake, kwamba mmoja wa waliosambaza ni wewe. Ananiazima sukari na mimi namwazima chumvi miaka kumi na minne. Sijui kama ataniruhusu niketi.

Nataka niende nikiwa na jibu lako, ili isomeke kwamba ulisema mwenyewe bila kuvutwa. Barua hii anakuja nayo baba wa mwenzako Jumanne. Mwombe mwalimu wa malezi simu, piga namba yangu, ni ileile, mdogo wako kaniazimia kitochi cha bibi. Mwalimu mwambie ni jambo la familia. Akikataa, andika, umpe mzee arudi nayo Alhamisi. Mwenzako usimweleze chochote. Na wenzako wa kundi usiwatumie salamu kwamba wafute. Askari amesema asiyefuta anasaidia, ila asiirushe tena wala asimwonyeshe mtu.

Ukirudi Desemba hutakwenda kwao kuomba radhi mpaka binti mwenyewe aseme anataka kukuona. Akisema hataki, utapita njia ya nyuma, ya kwenye michungwa, likizo yote.

Mbuzi amezaa mapacha, mmoja dhaifu, bibi anamnywesha kwa chupa. Bati la jiko limeng'oka na upepo, tumeweka jiwe. Machungwa bei imeshuka, gunia wanalitaka kwa bei ya kutupa, ila mchango wako wa shule nimeshautenga, usiwe na wasiwasi wa hilo. Ile dawa ya mba sikuipata, nimekutumia sabuni ya mwarobaini. Ndani ya furushi kuna sweta la baba yako, lile la kijani. Mfuko wa ndani nimeushona, pasua uzi taratibu, kuna elfu ishirini. Tumia kidogo kidogo.

Kula vizuri. Soksi vaa mbili usiku.

Nasubiri jina.

Ni mimi mama yako