Mfuateni Mama Hadi Arubaini: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Tableti

Wanangu, na wengine wenu wajukuu zangu,

Nawaandikia nyinyi mnaoingia mitaa ya mabanda ya Nairobi, Korogocho, Mathare na Viwandani, asubuhi na tableti mkobani, fulana za nembo, na viatu ambavyo bado havijayajua matope ya kwetu. Wanafunzi wa unesi na wa afya ya umma, na wale mlioajiriwa miezi mitatu tu kuuliza maswali ya utafiti. Nilikuwa nesi mkunga zaidi ya miaka thelathini, nikastaafu 2019. Naishi Kariobangi, ambako wasichana wa ploti huniita shosho, yaani bibi. Nawaona mkipita, na wawili wenu nimewahi kuwapa chai. Kazi yenu naipenda, ndiyo maana inaniuma mnapoiachia njiani.

Niwaeleze kwanza kwa nini naipenda.

Kule leba, wodi ya kujifungulia, faili ilikuwa na nafasi ya kuandika damu aliyopoteza mama. Hakuna aliyepima. Mtoto ametoka, kondo la nyuma limetoka, unatazama shuka, unatazama pamba, unaandika. Aliyejifungua bila matata aliandikiwa mililita 200. Aliyetutia wasiwasi kidogo, 400. Ukiandika 500 umejiletea maswali, kwa sababu hapo ndipo vitabu vilisema mama anavuja damu kupita kiasi, kwa hiyo kalamu zetu zilikuwa na mazoea ya kusimama kabla hazijafika. Na mimi nilikuwa na kalamu hiyo. Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliandika 300 kwa mama wa mtoto wa nne. Shuka ilikuwa imeshabadilishwa. Kanga aliyokuja nayo ilikuwa imekunjwa chini yake na hakuna aliyeiinua. Baada ya saa moja na nusu midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Nilipoivuta ile kanga ilikuja na uzito wa nguo iliyotolewa kwenye beseni kabla ya kukamuliwa. Alipona, kwa damu ya benki na kwa daktari aliyekuja mbio bila viatu. Lakini 300 yangu ilibaki kwenye faili, na nina hakika kuna mahali ilijumlishwa na za wenzangu ikawa takwimu.

Kwa hiyo matokeo ya E-MOTIVE, utafiti wa kuvuja damu baada ya kujifungua, yalipotoka 2023 niliyasoma mara mbili. Ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na akina mama zaidi ya 200,000 walihusika. Mama aliwekewa chini ya makalio mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, damu ikaingia humo ionekane. Ikifika mstari, kila kitu kinaanza kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksami ya kusaidia damu igande, maji ya mshipa, kumkagua inakotoka, kuita mkubwa. Sisi tulivipanga foleni, hiki kikishindwa ndipo tujaribu kile, na damu haikutusubiri. Walipohesabu waliopoteza lita nzima au zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa ajili ya damu na waliokufa kwayo, jumla ilikuwa imeshuka kwa asilimia 60. Na hiyo asidi tuliijua kwa sababu akina mama 20,000 wa nchi 21 walikubali kuwa katika utafiti mwingine, ule wa WOMAN wa 2017, ulioonyesha kwamba inaokoa ikiwahi ndani ya saa tatu.

Nasema walikubali. Wanawake wa mji huu wamekubali mambo mengi. Katika miaka ya 1990, ukimwi ukiwa hauna dawa ya kumfikia mtu wa kawaida, akina mama 425 wa hapa Nairobi wenye virusi waliingia katika utafiti wa kunyonyesha na maziwa ya kopo, kila mmoja akipangiwa kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa 2000: kufikia miaka miwili, karibu watoto 37 katika kila 100 wa upande wa kunyonyesha walikuwa wameambukizwa, dhidi ya karibu 21 wa upande wa kopo. Fikirini mama anayechanganya kopo mbele ya mama mkwe anayeuliza mbona ziwa limejaa. Dunia ilijifunza kutoka kwake.

Sasa niwaambie mnapoiachia njiani.

Ule mfuko wenye mistari unabaki leba. Mama anaruhusiwa baada ya siku moja, mara nyingi hata haijatimia, kwa kuwa kitanda kinangojewa na mwingine. Akishuka matatu na kutembea hadi kwenye ploti, tumerudi kukadiria kwa macho. Maswali yenu mengi yanakomea hapo hapo: ulihudhuria kliniki mara ngapi, ulijifungulia wapi, nani alikuzalisha. Ni maswali mazuri, na siku hizi majibu yake yanapendeza, maana zaidi ya akina mama wanane kati ya kumi nchini hujifungulia kituo cha afya. Lakini kifo cha uzazi huhesabiwa hadi siku ya 42 baada ya mimba kwisha, na presha haitoki pamoja na mtoto. Nimeona kifafa cha mimba kikimwangusha mama siku ya tano, akiwa amesimama jikoni. Homa ya uchafu wa kizazi nayo huchukua siku zake kabla ya kujionyesha.

Siku 42! Wazee wa pwani walikuwa wamekaribia bila tableti. Mzazi alikaa arubaini ndani, akakandwa, akanyweshwa uji wa pilipili manga, hakushika ufagio. Sisemi yote yalikuwa mema, maana yale maji ya moto yameunguza wengi. Ila kulikuwa na mtu mzima anayemtazama kila siku, anayejua rangi ya uso wake jana ilikuwaje. Hapa kwetu siku ya kumi ameshatoka kutafuta nguo za watu afue, kwa sababu mwenye nyumba hahesabu arubaini.

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe angalau mara nne baada ya kujifungua: ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Ulizeni mlango kwa mlango ni wangapi walionwa hiyo wiki ya pili. Wiki ya sita wanafika, kwa sababu ya chanjo ya mtoto. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, kitabu cha kliniki kinaandikwa, na aliyembeba anaulizwa "uko sawa?" akiwa ameshageukia mlango.

Februari 1987 wakubwa wa dunia walikutana hapa hapa Nairobi kuzungumzia uzazi salama, wakaweka lengo vifo vya akina mama vipungue kwa nusu kufikia 2000. Nilikuwa nesi kijana, tukaamini. Sensa ya 2019 ilipata vifo 355 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini. Katika Korogocho na Viwandani, kati ya 2003 na 2005, vilikuwa 706. Hiyo 706 tunaijua kwa sababu watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha hapa Nairobi, walianza kuhesabu nyumba kwa nyumba huko tangu 2002, wakiuliza nani amezaliwa na nani amezikwa. Rejista ya wodi isingewapa, kwani aliyefia nyumbani au njiani haandikwi na nesi.

Nije kwenye maswali yenyewe. Kuna yale maswali kumi ya Edinburgh, yaliyotungwa Uingereza na kuchapishwa mwaka huo huo wa 1987, ya kumtambua mama aliyezama katika huzuni baada ya kujifungua. Ni chombo kizuri kikiwa mkononi mwa anayejua lugha. Kijana mmoja, mpole kabisa, alikuja kumhoji jirani yangu mwenye mtoto wa wiki tano. Akamsomea: "Katika siku saba zilizopita, je, mambo yamekuwa yakija juu yako?" Yule msichana akatazama juu, kwenye mabati. Akasema hapana, ni mvua tu inavuja. Kijana akabonyeza "hapana", akaendelea. Jioni msichana huyo huyo aliniambia, "Shosho, nafikiria sana, kichwa kimejaa, mtoto akilia natamani nitoke nje nisirudi." Hilo ndilo jibu la swali lile, lililotaka kujua kama mambo yamemlemea, na halimo kwenye tableti.

Kwa hiyo kabla hamjaingia mtaani, ketini na wanawake watatu wanne waliojifungua huko, muwasomee fomu kwa sauti. Pale watakapocheka au kunyamaza, badilisheni. Na swali la kumi, lile la mama kufikiria kujidhuru: kama hamna mtu wa kumpokea siku hiyo hiyo, mwenye simu inayopokelewa, liondoeni. Kumfungua mtu kidonda kisha ukaondoka na tableti yako ni ukatili hata kama kamati ya maadili ilipiga muhuri.

Nyumba zetu ni chumba kimoja na ukuta ni bati, mkikohoa jirani anasema pole. Mume yuko kitandani nyuma ya pazia, halafu mnauliza kama amewahi kumpiga. Maswali ya namna hiyo huulizwa mwanamke akiwa peke yake kabisa, na nyinyi mmefundishwa hivyo. Muombeni mwende naye kuanika nguo. Pale kwenye kamba, mikono ikiwa na shughuli na macho hayakutani, nimeambiwa mambo ambayo sikuwahi kuambiwa kliniki. Na wasichana mnaotumwa, msione haya kushika beseni.

La mwisho ni la deni. Fomu ya ridhaa inasema mama yuko huru kujitoa, na atarudishiwa nauli. Haisemi ataletewa majibu. Mmechukua damu yake, vipimo vya presha yake, habari za kitanda chake, na akisikia tena habari hizo ni mtu amesoma karatasi mkutanoni katika hoteli fulani mjini. Mkimaliza, tafuteni kanisa au hata kivuli cha kibanda cha mboga, muwaite wale wale, muwaambie: tuliuliza hivi, tukapata hivi. Nusu saa inatosha. Watawasahihisha, na hapo ndipo mtajua kama mlielewa.

Mwezi ujao nasikia mnaanza tena huku Kariobangi. Leteni fomu kwangu kwanza, tuisome pamoja. Na yule kijana wa mabati, kama unasoma hapa, msichana uliyemhoji bado yuko chumba kile kile. Nilimpeleka kwa daktari, anaendelea vizuri, na mtoto anatambaa. Aliniuliza juzi kama yale majibu yake yalifika.

Ni mimi shosho wenu,
nesi mkunga mstaafu, Kariobangi.