Masetla Wengine Walikuja kwa Lori

Mhariri,

Makala yenu kuhusu masetla wa Uasin Gishu niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Mabwana wa farasi na mbwa wa kuwinda wamo. Makaburu wa Afrika Kusini walioongozwa na van Rensburg nao wamo, na ni haki yao: familia zaidi ya 40 zilishuka garimoshi Nakuru mwaka 1908, zikafunga maksai kwenye magari, zikapanda mlima magurudumu yakizama topeni, hadi zikatokea Sergoit mwezi wa Oktoba. Lakini mwandishi wenu anaifunga hadithi mwaka 1963, masetla walipofungasha mizigo. Sisi huku Lugari hadithi ndipo inapoanzia. Ukisema "setla" sokoni Lumakanda, mzee atakuuliza ni wa ploti gani.

Mimi ni binti wa mmoja wao, na mjukuu wa mtu aliyelilima shamba hilohilo likiwa na mwenyewe mwingine.

Guga, maana ndivyo Wamaragoli tunavyomwita babu, alitoka kwao kwa sababu mbili: shamba la baba yake lilikuwa limegawiwa ndugu watano, na serikali ya kikoloni ilidai kodi ya kila nyumba bila kujali ugawaji huo. Alitembea kupitia Kaimosi na Kapsabet hadi kwa Kaburu mmoja upande wa Turbo, kipande, yaani kitambulisho cha kazi cha Mwafrika enzi hizo, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kazi ilihesabiwa kwa tiketi. Mshahara ulitoka tiketi ikishajaa siku 30 za kazi, na siku ya homa haikuandikwa, kwa hiyo tiketi moja iliweza kumla mtu miezi miwili. Alipokuwa skwota alipewa pa kujenga na pa kulishia, naye akadaiwa siku 180 za kazi kila mwaka kwa sheria ya 1918. Akafikisha ng'ombe kumi na mmoja. Ilipokuja sheria ya 1937, masetla wakapata nguvu ya kupunguza mifugo ya maskwota, akabaki na wanne. Wale saba alikuwa akiwataja kwa majina hadi uzeeni. Wajukuu wake wengine alikuwa akiwachanganya.

Baba alipata ploti mwaka 1964, serikali ilipokuwa ikinunua mashamba ya Wazungu na kuyakata vipande katika ule mpango wa ekari milioni. Nilikuwa na miaka sita. Tulikuja kwa lori, mimi nimekalia gunia la mbegu huku nimeshika kuku wawili miguu, na usiku wa kwanza tukalala ndani ya ghala la mahindi la yule Kaburu. Watu hudhani tulipewa bure. Ule ulikuwa mkopo wa miaka 30 wenye riba ya asilimia sita na nusu, na juu yake mkopo mwingine wa ng'ombe wa gredi (wa mbegu bora), ambaye wetu alikufa kabla hajazaa. Baba alilipa kwa maziwa na mahindi. Miaka mingine hakulipa, na barua za kumkumbusha ninazo zote.

Lakini yaliyotufanya watu wa hapa hayakuandikwa katika barua. Miaka ya mwanzo, aliyefia kwenye skimu, yaani kwenye mashamba hayo yaliyogawiwa, alirudishwa Maragoli kwa lori, gharama ikagawanywa kwa majirani. Tulilima huku na kuzikana kule. Nyanya yangu alifariki mwaka 1969 katikati ya masika. Lori likakwama darajani siku mbili, nasi tukiwa na maiti nyumbani. Asubuhi ya tatu guga hakumuuliza mtu. Alichukua jembe, akaenda chini ya mkaratusi aliouacha Kaburu, akapima kwa hatua, akaanza kuchimba peke yake. Baba alimkuta kaburi limefika magotini.

Wazee wa ukoo walifika wiki moja baadaye. Walikaa uani kutwa nzima wamekataa chakula, wakisema mama yetu ametupwa ugenini kama mtu asiye na watu. Jioni shangazi mmoja akaomba chai. Ndipo tukajua yameisha. Tangu hapo hakuna aliyetuuliza tena tutarudi lini nyumbani.

Sisemi ardhi hii ilikuwa tupu ikitungoja. Jina lenyewe la Uasin Gishu ni la Wamaasai, na Wanandi walilisha ng'ombe hapa kabla ya gari lolote la maksai kupanda mlima. Hilo tulifundishwa kwa ukali mwaka 1992, tulipolala nje usiku kadhaa kwa kuwa kuna watu waliokuja kutuuliza kwetu ni wapi huku wamebeba moto. Jirani yetu Mnandi ndiye aliyetuhifadhia ng'ombe. Habari za babu yake nazo nataka nizisome kwenu, aziandike mjukuu wake mwenyewe.

Naandika sasa kwa sababu wapwa zangu wamemleta mpimaji. Wanataka kukata ploti vipande vitano (guga angecheka, au angelia) na hatimiliki bado ina jina la baba, aliyefariki. Mpimaji aliuliza yule chini ya mkaratusi ni nani. Hakuna kijana hata mmoja aliyejua. Wanaume wa ukoo wetu wanakumbuka mipaka. Makaburi wametuachia sisi.

Sanduku la bati liko kwangu: kipande, risiti za mkopo, barua za madai, na cheti cha yule ng'ombe wa gredi. Nimewaambia wapige picha kila karatasi kwa simu zao kabla panya hawajamaliza. Waliohamia skimu za Lugari, Likuyani na Soy wakiwa watu wazima wamebaki wa kuhesabika, na wengi bado wanaweza kusimulia vizuri ukiwafuata asubuhi. Gazeti lenu liliwapa masetla wa farasi kurasa mbili. Hawa naomba wapewe hata safu moja kwa wiki.

Mwandishi wenu akipenda kuja, nitampokea. Ila afike kabla ya mvua za Machi, maana lile daraja ni lilelile.

Mwalimu mstaafu,
Lumakanda, Kaunti ya Kakamega