Barua ya wazi kwa mpwa wangu mwenye makasha ya picha chini ya kitanda

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya pamoja na wote hapo nyumbani. Uliniuliza ufanye nini na picha zote ulizosafisha tangu uliponunua kamera, ambazo sasa zimejaza makasha chini ya kitanda na bado kila mwisho wa mwezi unarudi studio kuchapisha nyingine. Nimeona nikujibu hadharani, kwa sababu swali hilo naulizwa na karibu kila mtu anayepiga picha kwa mapenzi yake tu, na nina msimamo wangu juu yake.

Msimamo wenyewe ni kwamba picha iliyokwisha kuchapishwa inahitaji mtu wa kuitazama, na ikiwa mtu huyo si wewe, basi umpe yule atakayeitazama. Wapiga picha wa biashara hawajui shida yako. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930 na kumrithisha kazi hiyo mwanawe Rohit, alipiga picha za watu ambao wenyewe walirudi kuzichukua, kwa hiyo kila karatasi ilikuwa na mwenyewe kabla haijakauka. Sisi tunaopiga kwa mapenzi tu tunachapisha kwanza, kisha ndipo tunapojiuliza hii nayo ni ya nani.

Anza basi na wenye sura zao. Najua una picha nyingi za wachuuzi na wavuvi wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, na baadhi ni nzuri kuliko zote ulizowahi kunionyesha, lakini sidhani kama hata mmoja wao amewahi kuiona yake. Chapisha ndogo, zile za sentimita 10 kwa 15 ambazo hazikugharimu sana, uwapelekee. Utakuta picha yako imebanwa kwenye pembe ya kioo cha kabati, au imechomekwa kwenye fremu ya picha nyingine ya zamani, na hapo itatazamwa mara nyingi kuliko itakavyotazamwa katika ukumbi wowote wa maonyesho. Tena safari ya pili hutahitaji kujieleza wewe ni nani na kamera hiyo ni ya nini.

Kuhusu albamu, sikubaliani na wanaosema zimepitwa na wakati. Sisi tulilelewa katika nyumba ambazo mgeni akishakaribishwa kiti na soda, huwekewa albamu mapajani ili asikae bure wakati wenyeji wako jikoni, na ndivyo tulivyowafahamu ndugu ambao hatukuwahi kukutana nao. Ni kweli kwamba wageni hao hao ndio waliozipunguza, kwa sababu hakuna ajuaye kumnyima shangazi anayesema, “Hii naondoka nayo.” Ndiyo maana katika albamu za zamani unakuta kurasa zenye vipande vinne vya gundi kavu na katikati pametupu. Mimi sioni kama ni hasara, maadamu negativu, yaani ile filamu inayochapishiwa picha, au faili lipo.

Hasara ninayoilalamikia ni ya zile albamu zenye kurasa za kunata na plastiki ya kufunika juu, zilizoenea sana miaka ya 1970 na 1980. Gundi yake hugeuka manjano na kushika picha isibanduke, na plastiki yake mara nyingi ni PVC, ambayo kadiri inavyochakaa hutoa kemikali zinazoharibu karatasi na rangi. Ukinunua albamu leo, chagua yenye mifuko ya plastiki aina ya polipropilini au poliesta. Kama ndani ya duka unanusa harufu kali ya plastiki, ile ya pazia jipya la bafuni, iache hapo hapo.

Ukutani weka chache, na uzibadilishe. Nyumba zetu zimezoea kutundika picha juu sana karibu na dari, zikiinama kidogo kumtazama aliyeketi, na hazishuki tena mpaka nyumba ipakwe rangi upya. Picha iliyokaa pale miaka kumi hakuna anayeiona. Zaidi ya hayo, mafundi wengi wa fremu huilaza picha moja kwa moja kwenye kioo, jambo ambalo kwa hewa ya pwani ni kosa kubwa, kwa maana gelatini, ule utando wa juu wa karatasi ya picha, hunyonya unyevu wakati wa masika, ikalainika, na ikikauka huwa imeshikamana na kioo. Siku utakayotaka kuitoa utabaki na nusu uso mkononi na nusu kwenye kioo. Mwambie fundi akate kadibodi yenye dirisha katikati, ikae baina ya picha na kioo ili pawe na nafasi. Kama unachapa kwa printa, uliza pia aina ya wino, kwa sababu wino wa pigmenti, wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, hustahimili mwanga kuliko ule wa rangi iliyoyeyushwa, na hakuna wino utakaostahimili ukuta unaopigwa na jua la alasiri.

Hizo za kuhifadhi ziondoe chini ya kitanda, maana sakafuni ndiko kuliko na unyevu, mende na mchwa. Ziweke juu ya kabati la ndani, mbali na ukuta wa nje. Na kabla hujazifunga, geuza kila moja uandike nyuma jina, mahali na mwaka. Penseli laini inafaa kwa karatasi za zamani, lakini za siku hizi zina utando wa plastiki usioshika penseli, kwa hiyo tafuta kalamu ya wino usiofutika na uandike pembeni. Kalamu ya bolipeni ukiikandamiza huacha alama upande wa mbele. Usidhani kwamba watakaokuja watajua. Mwaka 2007 huko Chicago makasha ya Vivian Maier, aliyekuwa yaya, yalipigwa mnada kwa sababu ya kodi ya stoo isiyolipwa, yakiwa na negativu kwa makumi ya maelfu, na walionunua hawakujua hata mpiga picha alikuwa nani. Alifariki mwaka 2009, kabla dunia haijamfahamu.

Jambo jingine ambalo ningependa mlijaribu na wenzako ni kasha la kuzunguka. Uingereza kuna vikundi vya wapiga picha wasio wa biashara ambavyo hupelekeana kasha la picha kwa posta. Kila mwanachama huandika maoni yake, huongeza picha yake, kisha hulipeleka kasha kwa anayefuata. Ninyi mnao mabasi yanayobeba vifurushi kila siku kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, Arusha na Mwanza, na mtu anayeshika karatasi mkononi hukosoa kwa makini kuliko anayebonyeza alama ya kupenda.

Uwe mwangalifu na za kina mama. Mwanamke aliyekubali kupigwa picha ndani ya nyumba yake, akiwa na kanga tu, hakukubali kutundikwa kwenye mkahawa, na wapo wasiotaka picha zao zitundikwe mahali popote. Uliza kwanza, na ukikataliwa mpe yeye nakala na shauri liishe.

Zitakazobaki baada ya hapo, zile za machweo yanayofanana na za majaribio ya lenzi, zichane bila huruma. Usizichome, moshi wake si mzuri.

Na ile ya bibi yako akichambua mchele barazani, nichapie ya sentimita 20 kwa 25, uiweke baina ya kadibodi mbili ngumu, uitume kwa basi la asubuhi. Ndogo yake mpelekee bibi mwenyewe, na nyuma uandike majina ya wale watoto wawili waliokaa kando yake, kwa sababu mmoja wao simtambui.

Mjomba wako